Jinsi Jiwe la Senje Lilivyofika Bonde la Ufa

Mmeniuliza mmoja mmoja, na kila nikianza kusimulia mtu ananikatiza kwa kicheko kabla sijafika Kapsabet. Kwa hiyo nimeandika. Someni mpaka mwisho, kisha mcheke. Lakini mjue kwamba bado nina hasira.

Ilesi mpaka Kapsabet

Jumanne hiyo sikuwa na mpango wa kwenda popote. Nilitoka Lurambi asubuhi, mfuko wa mawe yangu saba begani, nikaenda Ilesi kumsalimu Senje Rhoda. Kwa atakayesoma bila kutujua: Senje ni dada ya marehemu baba yangu, na kazi yake ni kufinyanga. Nilimkuta ameketi juu ya gunia, vyungu kumi na viwili vimepangwa kivulini mbele yake, vimekauka nusu. Chungu kikifika hapo, kigumu kama sabuni mpya, ndipo husuguliwa kwa jiwe laini mpaka king'ae. Kikiwa kibichi zaidi, jiwe linazama. Kikikauka zaidi, jiwe linakwaruza na kazi imeharibika.

Nilimwaga mawe yangu chini nimwonyeshe. Mnajua ugonjwa wangu. Niliacha shule darasa la saba, nikakata miwa Butere, nikaosha magari Mumias, nikabeba mchanga kila mahali, na popote nilipokuwa macho yangu yalikuwa chini. Mpima ardhi mmoja aliyepanga chumba jirani na changu ndiye aliyenifundisha kwamba jiwe lililochongwa na watu wa kale lina alama zake. Pale lilipogongwa huacha kinundu, kama uvimbe mdogo. Vipande vimebanduliwa upande huu na upande ule mpaka pande zikakutana kwenye makali. Jiwe lililovunjwa na mafuriko au na moto halina mpangilio huo, limeumia tu. Tangu siku hiyo nimeokota mamia na kutupa karibu yote. La fahari yangu lilikuwa moja, nililolitoa kwenye vifusi vya wachimba dhahabu kule Shinyalu: la rangi ya kahawia, urefu wa kiganja, umbo la parachichi lililobanwa, limechongwa pande zote mbili.

Senje alilitazama akasema, "Hiyo itafaa kuponda pilipili."

Kisha akachukua jiwe lake la kung'arishia. Kwanza alilipitisha shavuni, kama afanyavyo kila mara kuhakikisha halijashika chembe ya mchanga, halafu akaniwekea kiganjani kwa ule mkono wake wa kushoto anaofanyia kila kitu.

"Na hii je? Ya Mungu ama ya watu?"

Lilikuwa jeupe lenye wekundu wa udongo, ukubwa wa yai la bata. Nililigeuza mara moja. Halikuwa na kinundu, wala makali, wala mahali palipobanduliwa.

"Ya Mungu," nikasema. "Jiwe la mto. Maji yamelisugua."

"Uko na hakika?"

"Kabisa."

"Mama mkwe wangu alinipatia siku niliolewa hapa. Na yeye alipewa na mama mkwe wake. Lakini wewe umeshajua, ama?" Akacheka, na majirani wawili waliokuwa wakikanda udongo wakacheka naye. Kicheko hicho kiliniingia vibaya.

Wakati huohuo Ambani alikuwa barabarani anapakia vyungu vya wanawake wa hapo kwenye lori. Ambani nilisoma naye mpaka pale nilipoacha, sasa ni dereva. Nikaenda kumsaidia kupakia, nikamwambia nilivyoaibishwa. Akaegemea mlango wa lori.

"Hizi vyungu zinaenda kwa kitalu ya maua, karibu na Gilgil," akasema. "Jirani yake ni mzee mmoja ako na nyumba ya mawe kama hizo zako. Watalii wanaingianga kuona. Si uende umuulize?"

"Lini?"

"Sasa. Tunafika saa kumi, kesho mchana narudi. Panda, ushikilie vyungu kwa matuta."

Nikapanda. Ndiyo, jiwe la Senje lilikuwa mfukoni mwa suruali. Nililitia humo ili mikono iwe huru kupakia, na sikulikumbuka mpaka tulipopita Khayega. Hapa ndipo mnapocheka, basi nipite haraka. Nilimpigia simu. Akasema polepole:

"Vyungu vyangu nitavifunika na majani ya ndizi na karatasi ya nailoni. Vitangoja mpaka kesho jioni. Kesho kutwa vitakuwa vimekauka. Vyungu kumi na mbili, kijana. Hiyo jiwe isipofika hapa kesho kabla jua lizame, usirudi Ilesi hata kwa matanga yangu."

"Senje, si utumie lingine siku moja tu?"

"Na wewe si utembee na miguu ya mtu mwingine siku moja tu?"

Ningeweza kushuka Chavakali nikarudi. Nimeambiwa hivyo na kila mtu, hata na mtoto wa darasa la kwanza. Lakini kicheko kile kilikuwa bado masikioni, na Ambani alikuwa amesema kesho mchana. Nilipiga hesabu zangu nikaona zinatosha.

Kapsabet tulisimama kula. Mama mwenye hoteli aliniletea maziwa ya mgando ya mursik ndani ya bilauri, nikaona unga mweusi umeelea, nikamwambia kwa heshima kwamba chombo chake hakikuoshwa. Wateja wote waligeuka. Mama akaniambia kwamba huo ni mkaa wa mti maalumu, anausugua kibuyuni kwa makusudi, na kwamba mimi ndiye ninayehitaji kuoshwa. Nilikunywa yote. Yalikuwa mazuri, na hilo liliniudhi zaidi.

Timboroa

Ndani ya lori, mbali na Ambani, alikuwamo tanboi wake, Makokha. Msidhani ni kijana. Makokha ana mvi kichwani na wajukuu nyumbani, na amekaa malorini tangu Ambani akiwa hajazaliwa. Kazi yake ni mizigo, tairi, na jiwe. Lori likisimama mlimani, tanboi huruka chini na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu kabla halijaanza kurudi.

Tulipokuwa tunapanda kuelekea Timboroa kitu kilipasuka chini ya boneti, moshi ukatoka, lori likasimama. Mimi nilikuwa nyuma nimekumbatia vyungu. Nikahisi tunarudi kinyumenyume. Vyungu vikalia. Kisha tukatulia kwa kishindo, nikamsikia Makokha akipiga ubavu wa lori kwa kiganja kumwambia Ambani mambo ni sawa.

Niliposhuka nilikuta mfuko wangu umelala wazi barabarani. Chini ya gurudumu la kushoto mlikuwa na mawe yangu matatu. Chini ya la kulia, lile la Shinyalu.

Mtaro mzima wa barabara ulikuwa umejaa mawe! Mawe makubwa, mazuri, yasiyo na kazi yoyote duniani, yalikuwa yamelala hatua nne kutoka pale.

"Mzee Makokha! Umefanya nini?"

"Nimezuia gari."

"Na mawe yangu?"

"Mfuko ulikuwa karibu na mlango."

"Hayo ni ya watu wa kale! Yamekaa ardhini miaka isiyohesabika!"

"Basi yamepumzika ya kutosha," akasema Makokha, akajifuta mikono na kwenda kuangalia injini.

Lori lilipoondolewa juu yake, jiwe la Shinyalu lilikuwa limevunjika ncha. Nilikaa ukingoni mwa barabara nikaliangalia, na ninakiri kwamba hata katika ghadhabu ile niliona jambo. Palipovunjika palikuwa na rangi ya buluu iliyokolea, panameta, papya. Sehemu nyingine zote, hata ndani ya makovu ya kuchongwa, zilikuwa na ngozi ya kahawia, nyembamba kama ganda la kitunguu. Maana yake makovu hayo yalikuwa ya zamani sana, ngozi imeota juu yake. Kama yangekuwa ya nyundo ya juzi, yangekuwa ya buluu. Mpima ardhi hakuwahi kuniambia hilo. Nilifundishwa na gurudumu la lori. Sikumshukuru Makokha.

Ambani alipata mkanda mwingine wa injini jioni, lakini akasema haendeshi na baridi na ukungu ule. Tulilala pale. Kwenye hoteli ya mbao tulikula viazi na nyama ya kondoo, na mhudumu, baada ya kusikia tumetoka Kakamega na kuuona mfuko wangu jinsi ulivyo mzito, akaja kuketi karibu nami na kupunguza sauti.

"Ni dhahabu?"

"Ni mawe."

"Naelewa," akakonyeza jicho. "Na wengine pia husema ni mawe."

Nikayaweka mezani moja moja. Aliyaangalia, akaniangalia mimi, akaondoka kama mtu aliyetukanwa. Mnisaidie kuelewa. Mtu akibeba jiwe kwa sababu lina dhahabu ndani, ana akili. Akilibeba kwa sababu mkono wa mtu ulilipitia kabla ya kuwapo mahindi na barabara, huyo ni mwendawazimu.

Nyumba ya mawe

Tulifika kwenye kitalu Jumatano saa tatu asubuhi. Mwenye lori mwenyewe alikuwa amekuja kusimamia, mtu mnene asiyesalimu. Ambani akaniambia pembeni, "Tunashusha, tunapakia miche, saa sita kamili natoka. Nikitoka saa sita, nafika Ilesi jua likiwa bado. Nikichelewa, sijui."

Nyumba ya mawe ilikuwa ng'ambo ya barabara. Bustani safi, waridi, na njia ndefu iliyomwagwa mawe madogo ya mto, meupe, ya kupendezesha. Mwenyewe alikuwa amevaa koti lisilo na mikono lenye mifuko mingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kwa hiyo nitamwita Bwana Koti. Ndani alikuwa na masanduku ya kioo na mawe yenye vibandiko. Nilivyoyaona moyo uliruka, siwadanganyi. Yalikuwa ndugu wa jiwe langu.

"Umetoka chuo gani?" akauliza.

"Nimetoka Kakamega."

"Nauliza elimu. Una cheti gani?"

"Cha kuzaliwa."

Hakucheka. Alinisukumia sinia la bati. "Weka yote hapa. Yote. Sina muda wa kuangalia moja moja."

Nikaweka saba yangu. Nikatoa na la Senje, nikaliweka pembeni kidogo, nikamwambia, "Hili ndilo lililonileta. Nataka kujua ni la mto au ni la watu, na ninaondoka nalo sasa hivi." Alikuwa anaangalia simu. Akaitikia kwa kichwa, akachukua sinia na mfuko wangu, akaenda navyo chumba cha nyuma "kwenye mwanga".

Nilisubiri. Alirudi kabla sijamaliza kusoma vibandiko vya sanduku la kwanza. Mkononi alikuwa na mfuko wangu, umekunjwa vizuri. Mtupu.

"Ni mawe ya kawaida," akasema. "Lile kubwa limevunjwa juzi tu, ndani bado ni jipya. Hiyo ni kokoto. Watu wengi hukosea hivyo, usijisikie vibaya."

"Limevunjwa jana! Na lori! Umeangalia ncha peke yake? Ngozi ya pale pengine hukuiona?"

"Kijana, nimefanya kazi hii miaka mingi."

"Sawa. Yako wapi?"

"Nimemwambia mfanyakazi ayarudishe nje. Hatuwezi kujaza nyumba mawe."

Oneni jambo hilo. Mtu ambaye nyumba yake nzima imejaa mawe.

"Nje wapi?"

Akaelekeza kidevu dirishani. Huko nje, mwanamke mwenye fagio alikuwa anakung'uta sinia la bati juu ya njia ile ndefu nyeupe ya mawe ya mto.

Njiani, kwa magoti

Jina lake ni Mama Shiro. Alinionea huruma kabla sijafungua mdomo, maana nilifika pale kwa mbio na nadhani uso wangu ulisema yote.

"Yale makubwa nimeyatupa pale kando ya lango, utayaona," akasema. "Lakini kulikuwa na moja dogo, jeupe. Hilo nilifikiri limetoka hapahapa njiani. Nikalimwaga na mengine, nikafagia."

"Ulimwaga wapi?"

"Kuanzia hapa mpaka kwenye waridi."

Nilipima kwa hatua. Zilikuwa kumi na mbili, na njia ilikuwa na upana wa watu watatu wakitembea sambamba. Yote yamejaa mawe ya mto, meupe, laini, ukubwa wa yai la bata, la kuku, la njiwa. Na mimi ndiye niliyesema Ilesi, mbele ya mashahidi, kwamba la Senje ni jiwe la mto kama mengine.

Nilipiga magoti. Mama Shiro akaweka fagio chini akapiga magoti upande wa pili. Tulianza kuchagua, na baada ya kama nusu saa nilikuwa na lundo la mawe arobaini, kila moja nikiweza kuapa kwamba ndilo. Nilitafuta wekundu wa udongo, lakini udongo wa bustani ile nao ni mwekundu. Saa nne ikapita. Ng'ambo nilimsikia Makokha anapokea miche na kuihesabu kwa sauti.

Ndipo nikakumbuka shavu. Nikachukua jiwe la kwanza, nikalifuta kwenye shati, nikalipitisha shavuni kama Senje. Likavuta. La pili likavuta. Kwa macho yalikuwa laini, lakini shavu liliona vitu ambavyo macho hayakuona. Mto unalainisha jiwe, lakini hulainisha kwa mchanga, na mchanga huacha ukavu fulani. Nilipitisha jiwe baada ya jiwe, nikitupa kushoto, nikitupa kushoto.

Basi la wanafunzi likaingia wakati huo. Wakajipanga kando ya njia na mwalimu wao, wakanitazama, mtu mzima aliyepiga magoti akijipapasa uso kwa mawe.

"Mwalimu, anafanya nini?"

"Msimwangalie," mwalimu akasema. "Twendeni."

Wakatoa simu wakanipiga picha. Nilitaka kuwaambia kwamba hili, hili ninalofanya hapa chini, ndilo walilokuja kujifunza huko ndani. Lakini saa tano ilikuwa inakaribia kwisha.

Mama Shiro ndiye aliyelipata. Yaani alinipa mkononi kama alivyonipa mengine mia, bila kusema kitu. Nilipolipitisha shavuni, halikuvuta. Liliteleza kama lina mafuta. Nikaligeuza kwenye mwanga. Mawe mengine yote yalikuwa yamelainika sawa pande zote, kwa sababu mto husugua popote. Hili lilikuwa na nyuso mbili bapa. Nilipolishika kwa mkono wa kulia, uso mmoja ulikaa sawasawa mbele ya vidole, na kidole gumba kikapata kitanda chake. Nilipolishika kwa mkono wa kulia nikitafuta kutumia uso wa pili, halikukaa. Nikalihamishia mkono wa kushoto. Likakaa.

Basi mama mkwe wa Senje alikuwa wa mkono wa kulia. Senje ni wa kushoto. Wote wawili walikuwa mle ndani ya jiwe, kila mmoja na upande wake. Na mto hauna mkono wa kushoto.

Nadhani nilipiga kelele, kwa sababu Bwana Koti alitoka.

"Hebu nione." Akalichukua, akatoa kioo cha kukuzia kutoka mfuko wa tisa wa koti, akaliangalia kwa muda mrefu kuliko alivyoyaangalia yote manane mwanzo. Sauti yake ikabadilika. "Hili lina nyuso za matumizi. Umelitoa wapi?"

"Kwenye sinia lako."

"Hili ni jambo kubwa. Haliwezi kuondoka hivihivi. Libaki hapa nilichunguze, nikupe karatasi, urudi baada ya mwezi."

Ng'ambo ya barabara injini ya lori ikawaka. Sikujua nimpige au nilie. Asubuhi lilikuwa takataka, akaamuru lifagiliwe. Sasa mtu asiye na cheti amelitambua kwa shavu lake, mara limekuwa jambo kubwa, na la kwake. Nilichofanya ni kumpigia Senje na kufungua sauti.

"Senje, kuna bwana hapa anasema jiwe libaki kwake."

"Mpe simu."

"Anakusikia."

"Wewe ni nani?"

Bwana Koti akakohoa. "Shikamoo mama. Mimi ni mtaalamu wa mawe ya kale."

"Ya kale? Kwani mimi nimekufa?"

"Hapana, mama, sikuwa na maana hiyo..."

"Hiyo jiwe nimetumia nayo Jumatatu. Iko kazini. Wewe umefinyanga vyungu ngapi?"

Wanafunzi walikuwa wamerudi njiani na walikuwa wanasikiliza. Bwana Koti aliangalia koti lake.

"Sijafinyanga, mama."

"Basi weka chini kitu cha watu, vyungu vyangu vinakauka."

Alilirudisha kiganjani mwangu. Sikusema asante. Nililifunga kwenye leso na kukimbia. Langoni nilisimama kidogo tu kuokota lile la Shinyalu kwenye majani, na ncha yake. Mengine sita niliyaacha. Tuseme ukweli, sita hayo nilikuwa na mashaka nayo tangu zamani.

Lori lilikuwa limeshaanza kusogea. Mwenye lori alikuwa amekaa mbele, karibu na Ambani, anataka afike nalo mpaka Nakuru. "Abiria hakuna," akasema kabla sijaomba. "Mzigo tu."

Nyuma palijaa miche mpaka juu, na Makokha amekaa katikati yake kama mtu aliyeota humo. Nilimtazama. Yeye akanitazama. Hapakuwa na mwingine.

"Mzee Makokha. Hili ni la Senje Rhoda. Apewe mwenyewe, mkononi, kabla ya jua kuzama. Na gari likisimama mlimani..."

"Najua," akasema. Akapokea leso, akafungua shati, akaliweka tumboni, akafunga vifungo vyote. Lori likaingia barabarani. Ilikuwa saa sita na dakika chache.

Kwa Mama Shiro

Nilibaki pale na jiwe lililovunjika na mfuko mtupu. Sikuwa na pa kwenda, na hasira ilikuwa imeniishia miguuni. Mama Shiro akatoka langoni na kiondo chake, kazi yake huisha mchana.

"Unaenda wapi sasa?"

"Sijui."

"Mimi nina vyumba viwili vya kupangisha, huko juu kwa mlima. Kimoja kiko wazi." Akafikiri kidogo. "Lakini njia ya kwetu ni mbaya, ina mawe. Yale meusi, kama chupa. Ukikanyaga bila viatu unakatika."

"Meusi kama chupa?"

"Yamejaa mpaka shambani kwa maharagwe. Sijui nani aliyavunjavunja."

Tulitembea mpaka alasiri, maana kila hatua kumi nilikuwa chini. Alikuwa amesema kweli. Vipande vya kioo cheusi vilikuwa kando ya njia, katikati ya njia, vimepachikwa kwenye kuta za udongo za banda la mbuzi. Vingine vilikuwa vimepasuliwa na kwato na magurudumu ya mikokoteni, hivyo nilivitambua kwa ung'avu wao mpya nikavipita. Vingine vilikuwa na ukungu juu yake, ngozi nyembamba ya uzee, na makovu yaliyopangwa mstari mmoja baada ya mwingine. Nilishasahau kuwa nina njaa. Mama Shiro aliniacha nikimfuata nyuma, akasalimiana na watu na kuwaambia, "Huyu si mgonjwa, ni mpangaji."

Chumba kilikuwa na kitanda, msumari wa kutundikia nguo, na dirisha linalotazama bondeni. Akanipa githeri ya mahindi na maharagwe kwenye sahani ya bati, na kufuli. Kisha akaniambia sharti la nyumba.

"Mawe yanalala nje. Nina watoto."

Nilibishana naye. Nilimweleza umri wao. Alisema kama yamekaa nje muda wote huo, usiku mmoja zaidi hautayaua. Nikayapanga kizingitini, la Shinyalu mbele, nikakaa mlangoni na kuangalia jua. Lilikuwa limebaki upana wa vidole vitatu juu ya mlima. Kisha viwili. Sikuweza kula. Nilipiga simu ya Ambani, haikupatikana. Akilini nilimwona Makokha kwenye mteremko fulani, lori limesimama, mkono wake unaingia kwenye shati.

Simu ililia kidole kimoja kikiwa kimebaki.

"Huyo mzee wenu ni mtu wa aina gani?" Senje alianza bila salamu. "Amefika hapa anashikilia tumbo kama mjamzito. Namwambia nipe jiwe yangu, anakataa. Anasema kwanza nimwonyeshe nalishikanga na mkono gani!"

"Ukamwonyesha?"

"Nikamwonyesha, nikamtukana pia. Ndiyo akanipa." Nikasikia karatasi ya nailoni inafunuliwa, na majani ya ndizi. "Bado viko na umajimaji. Kidogo tu. Haya, wewe mwenye macho. Ya Mungu ama ya watu?"

"Senje, ilipotoka mtoni ilikuwa ya Mungu, lakini..."

"Sina saa ya lakini."

Hakukata simu. Aliiweka juu ya gunia, maana mikono ilikuwa imeshaingia udongoni, na sauti ikaanza: chwi, chwi, chwi, jiwe juu ya chungu. Mama Shiro akaja kuchukua sahani, akasikiliza.

"Nani huyo? Mbona hasemi?"

"Anafanya kazi," nikasema.

Simu yangu iliishiwa chaji akiwa kwenye chungu cha saba. Vitano vilivyobaki alivimaliza bila mimi, na hata mara moja, tangu nirudi, hajakubali kwamba nililipata kwa shavu. Anasema nilikuwa na bahati.